Jumatano Nyumbani kwa Tillotson

Jumatano ya pili ya mwezi Machi, saa tano asubuhi, muuza nyama mmoja wa Hackney na mkewe walifungua mlango wa chumba cha kulala cha Bibi Keziah Tillotson. Walimkuta amesimama mbele ya kioo, amevaa shimizi, pini za nywele ziko mdomoni. Wakamtazama. Naye akawatazama kupitia kioo. Hakuweza kusema kitu kwa sababu ya zile pini.

"Hii ni ya nta," mwanamke alimwambia mumewe kwa sauti ya chini.

"Nta gani? Inapumua."

"Siku hizi wanatia mashine ndani."

Bibi Tillotson akazitema pini kiganjani, akawaambia kwa adabu kwamba chumba kile hakimo katika maonyesho. Mwanamume akavua kofia na kuomba radhi. Akaeleza kwamba mlangoni hapakuandikwa kitu. Kisha, kwa kuwa alikwisha fika, akauliza kama ngozi ya chatu iko ghorofa hii au ya juu. Bibi Tillotson alimwelekeza. Ilikuwa ya juu, mlango wa tatu, nyuma ya ngoma.

Mwaka ule wa 1889 hapakuwa na mtu wa Stoke Newington, kaskazini mwa London, ambaye hakuijua nyumba hiyo. Ambrose Tillotson alikuwa mfanyabiashara wa chai. Baba yake ndiye aliyeanza kuiuza katika pakiti zilizofungwa kwa lakiri, ili mnunuzi awe na hakika kwamba hakuchanganyiwa majani ya uani wala vumbi, na jina la Tillotson likaaminika katika majiko ya maelfu ya watu. Ambrose alirithi ghala, jina na uaminifu, akaongeza lake moja: alikusanya vitu. Manahodha walioleta chai yake walimletea pia ngoma, vyungu, mikuki, viatu vya Kichina, vipepeo, na mbawakawa elfu tisa waliochomwa pini mmoja mmoja. Mwanzo vyote vilikaa katika kabati moja la maktaba. Sasa familia ilikuwa imebakiwa na vyumba viwili vya kulala, chumba kidogo cha kuvalia, jiko, na meza ya chakula iliyokwisha hamishwa mara tatu na kuishia ukumbini, imebanwa kati ya ngazi na dubu wa Urusi aliyejazwa nyasi.

Kila Jumatano, kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi alasiri, Ambrose alifungua mlango kwa yeyote aliyetaka kuingia, bure. Alikuwa muumini wa Kanisa la Marafiki, mtu mpole, asiyegusa pombe, asiyepandisha sauti hata kwa farasi, na aliamini kwa moyo wake wote kwamba fundi wa ngozi ana haki ya kuona kila kinachoonwa na lodi tajiri. Kwa sababu hiyo mkewe hakuwa na wa kumlilia. Kila aliyemwendea alimwambia kwamba ameolewa na mtu mwema. Na ilikuwa kweli.

Jioni ile Keziah alimsimulia mumewe habari za muuza nyama. Ambrose aliweka uma chini akasikiliza kwa makini, kisha akauliza kama watu wale walizipenda kauri zilizopangwa kando ya ngazi.

"Walikuwa wanatafuta chatu."

"Basi wamejitahidi," Ambrose alisema, uso umemng'aa. "Wengi huchoka kabla ya chatu."

Keziah alimkumbusha kwamba alikuwa na shimizi tu. Ambrose alilifikiria hilo. Akasema ni kweli, si vizuri, na kwamba atamwambia Bwana Pettifer, mzee aliyewajaza wanyama nyasi na kusimamia wageni siku za Jumatano, aweke kadi mlangoni. Halafu akakumbuka kwamba mwandiko wa Pettifer haukuwa na nafuu kuliko wake mwenyewe, ambao hata makarani wa ghala walishindwa kuusoma.

"Pengine uiandike wewe, mpenzi," alisema. "Kadi zote umeandika wewe."

Naam, zote aliziandika yeye, kwa miaka ishirini na miwili. Akaiandika na hiyo.

*

Binti yao, Lavinia, alikuwa na miaka ishirini na sita. Tangu Krismasi wakili mmoja kijana, Edmund Varley, alikuwa akimtembelea, na mambo yalifika mahali ambapo mama wa kijana alipaswa kuja kunywa chai. Mama huyo alikuwa mjane wa mchungaji, mwanamke wa kuketi wima. Siku iliyokubaliwa ilikuwa Jumamosi.

Matayarisho yalichukua siku tatu. Keziah na Lavinia waliitandikia meza ya ukumbini kitambaa cheupe, wakatoa vikombe vya harusi. Mpishi, Hannah Croll, alishauri dubu afunikwe shuka. Walipomfunika akaonekana kama mtu aliyesimama akingoja kutambulishwa, wakamfunua tena.

"Nimepika kwenye nyumba ya mlevi, na nyumba ya mwenye wazimu," Hannah alisema akifuta mikono kwenye aproni. "Kule angalau nilijua pa kuweka sufuria."

Lavinia alimwendea baba yake ghalani, akamwomba jambo moja: siku hiyo asizungumzie kitu chochote chenye miguu zaidi ya minne. Ambrose alicheka, akamshika mkono, akaahidi. Na kwa robo tatu ya saa alitimiza ahadi. Aliuliza habari za parokia ya marehemu mchungaji. Alisifu mvua. Alimmiminia Bibi Varley chai kwa mkono wake mwenyewe, akamweleza vizuri, bila kuchosha, kwa nini majani ya mchumo wa kwanza hayataki maji yaliyochemka kupita kiasi. Bibi Varley alikula keki kipande kimoja, akakubali cha pili. Keziah alianza kupumua.

Ndipo gari la bandarini likasimama nje, na wapagazi wawili wakaingia na sanduku la mbao lenye ukubwa wa jeneza. Lilitoka Japani. Ambrose alikuwa amelingoja tangu Agosti.

Alimtazama binti yake. Alimtazama mgeni. Mtu yeyote aliyemtazama yeye angeona jinsi alivyopigana na nafsi yake, na jinsi alivyoshindwa. Aliomba ruhusa ya kuinua kifuniko tu, dakika moja, kwa sababu safari ndefu huweza kuviharibu vitu. Bibi Varley, ambaye hakujua anaombwa nini, aliinamisha kichwa.

Ndani alikuwamo kaa wa baharini. Mwili wake ulitosha kuwa sinia, na kila mguu ulikuwa mrefu kupita mtu. Aliyemkausha huko Japani alifanya haraka, na nyama ilibaki ndani. Harufu ilifika mezani kabla ya kaa. Ambrose, ambaye pua yake ilikwisha zoea kila kitu isipokuwa chai mbaya, alimwinua kwa mikono miwili ili wageni wamwone vizuri, na mguu mmoja ukachomoka kwenye kiungo, ukaanguka mezani, ukavunja birika la maziwa, na ncha yake ikatua kwenye keki ya Bibi Varley.

Bibi Varley aliutazama ule mguu kwa muda.

"Mnamla?" aliuliza.

"La, hatumli," Ambrose alisema.

"Sasa ni wa nini?"

"Ni wa kutazama, Bibi."

"Na mkishamaliza kumtazama?"

Ambrose hakuwahi kuulizwa hivyo. Hapo Lavinia akacheka, kicheko kifupi, kikavu, cha mtu ambaye wasiwasi umemzidi, na Bibi Varley akadhani anachekwa yeye. Alisimama. Edmund, ambaye muda wote alikuwa akikichunguza kikombe chake, alisimama baada yake. Maziwa yalikuwa yamemwagikia sketi ya mama yake, na Keziah alipiga magoti kuipangusa, na Bibi Varley akamwacha apanguse, bila kumwambia ainuke.

Barua ilikuja Jumanne. Ilikuwa ya Edmund, lakini maneno yalikuwa ya mama. Ilisema kwamba familia ya Varley inawaheshimu sana akina Tillotson, ila haioni jinsi mke anavyoweza kutoka katika nyumba ambayo watu huingia kama kwenye gulio. Lavinia aliisoma amesimama, akaikunja, akampa mama yake, akapanda ngazi.

Ambrose aliumia. Siku hiyo hakwenda mnadani. Alikaa na mkewe jikoni, akasema kijana anayetishwa na kaa hangefaa kuwa mume, na kwamba binti yao atapata mwingine, mwenye udadisi zaidi. Na pengine kama Ambrose angenyamaza hapo, mambo yangeendelea kama yalivyokuwa kwa miaka mingine. Lakini Ambrose alikuwa mtu wa kutafuta heri katika kila jambo. Aliinuka, akaenda mpaka dirishani, akarudi.

"Nilikuwa nikifikiri," alisema, "maadamu Lavinia haolewi mwaka huu, anaweza kulala nawe chumbani, nami nikatandika kitanda katika chumba cha kuvalia. Chumba chake kinapata mwanga wa kaskazini. Vipepeo hawaharibiki na mwanga wa kaskazini."

Keziah alikuwa akimenya viazi pamoja na Hannah. Alimaliza kiazi kilichokuwa mkononi, akakitia majini.

"Kesho ni Jumatano," alisema. Ni hilo tu.

*

Asubuhi iliyofuata Ambrose aliondoka mapema kwenda mtaa wa madalali wa chai, akiahidi kurudi saa nane mchana pamoja na bwana mmoja wa baraza la mtaa aliyetaka kuona mkusanyo. Saa nne kasoro dakika tano Keziah alishuka, amevaa gauni la kijivu na kofia nyeupe ya nyumbani. Katika sebule ya zamani palikuwa na jukwaa dogo lililotayarishwa kwa ajili ya kaa, ambaye Pettifer alikuwa amempeleka uani apigwe na upepo. Keziah aliweka kiti juu ya jukwaa, akaketi, akachukua soksi aliyokuwa akiifuma. Mbele ya miguu yake alisimamisha kadi.

Pettifer aliisoma. Aliisoma mara ya pili.

"Bibi," alisema, "Bwana amekubali?"

"Fungua mlango, Bwana Pettifer. Watu wanangoja kwenye mvua."

Alifungua. Alikuwa amefanya kazi katika nyumba ile miaka kumi na minne na hakuwahi kumsikia akitoa amri.

Kadi iliandikwa kwa ule mwandiko ambao kila mgeni wa nyumba ile aliujua, wima na safi, maneno yakiwa yamepangwa kama katika kadi nyingine zote: *Mke wa mfanyabiashara wa chai. Uingereza. Amepatikana mwaka 1862. Yuko katika hali nzuri.*

Kwa saa nzima ya kwanza watu walipita wakidhani ni mchezo. Wengine walicheka. Vijana wawili wa kiwanda cha kofia walibishana kama anapepesa macho au la. Habari zikatoka nje, zikazunguka soko la mtaa, na ilipofika saa sita chumba kilijaa hadi mlangoni na hakuna aliyekwenda kwa chatu. Keziah alifuma. Hakumtazama mtu, wala hakuficha uso. Mabibi wawili wa kanisa lake waliingia, wakamwona, wakatoka haraka bila kuaga, na masikio yake yakawa mekundu, lakini mikono haikusimama. Lavinia alishuka nusu ya ngazi, akamwona mama yake kati ya vichwa vya watu. Alikaa pale pale kwenye ngazi, akashika nguzo, hakushuka wala kupanda.

Dobi mmoja mwanamke, mnene, mikono imevimba kwa sabuni, alikaribia jukwaa kuliko wengine. Hakujua kusoma, akamwomba mtu wa jirani amsomee. Aliposikia aliguna.

"Mama, unalipwa kwa kukaa hapo?"

Sindano zikasimama. "La," Keziah alisema.

"Wanakulisha?"

"Wananilisha."

"Basi hali yako kama yangu," dobi alisema, "ila mimi siruhusiwi kukaa." Na chumba kizima kikacheka, na Keziah mwenyewe akauma mdomo, kisha akaendelea kufuma.

Ambrose aliingia saa nane na robo pamoja na yule bwana wa baraza. Aliona msongamano kutoka barabarani akafurahi, akamwambia mwenzake kwamba bila shaka ni kaa. Wakapenya. Watu waliomtambua walimpisha, na kadiri walivyompisha kimya kilienea, hata akafika mbele ya jukwaa akiwa peke yake katika uwazi mdogo, kofia mkononi, matone ya mvua mabegani.

Alimtazama mkewe. Kisha akafanya alichokuwa akifanya mbele ya kila kitu kilichomo katika nyumba ile: akavaa miwani, akainama, akasoma kadi. Aliisoma polepole. Alipoinuka uso wake ulikuwa umebadilika rangi.

"Keziah," alisema kwa sauti ya chini. "Inuka, tafadhali."

Keziah alihesabu mishono na kugeuza soksi.

"Milango inafungwa saa kumi," alisema.

Bwana wa baraza alikumbuka kwamba ana mkutano. Ambrose hakuondoka. Alisimama pale, kati ya watu, kwa muda wa karibu saa mbili. Wageni wapya walipoingia walimwona mwanamke ameketi juu, na mzee amesimama chini yake akimtazama, na wengi hawakuwa na hakika ni yupi wa maonyesho.

*

Pettifer alipofunga mlango alikwenda uani kwa kaa, akajifungia huko. Keziah alishuka jukwaani kwa shida. Miguu ilikuwa imekufa ganzi. Ambrose alimpa mkono, naye akaupokea.

"Umeniaibisha mbele ya watu," Ambrose alisema. Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayetaka kuhakikisha kama ameona sawasawa.

"Ndiyo."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nimekuambia tangu Lavinia akiwa mdogo. Nilikuambia ulipochukua sebule. Nilikuambia ulipochukua chumba cha kushonea. Kila mara ulinisikiliza vizuri, halafu ukaniomba niandike kadi." Alisugua goti. "Nilianza kujiuliza mimi mwenyewe nitafikiwa lini. Nikaona nisikungoje."

Ambrose aliketi ukingoni mwa jukwaa. Aliuliza kama anataka vitu viuzwe. Alisema neno *viuzwe* kama mtu anayetaja jina la ugonjwa. Keziah alitikisa kichwa. Alisema hataki kitu chochote kiuzwe, wala hawachukii wageni. Dobi yule alikuwa mtu wa kwanza kumuuliza habari zake kwa muda mrefu. Ila nyumba haiwezi kuwa yao na ya watu kwa pamoja, na yeye amechoka kukaa nyumbani kwa watu. Shangazi yake wa Ipswich alimwachia urithi, na sheria ya siku hizi inasema urithi wa mke ni wake. Amekwisha panga nyumba ndogo mtaa wa pili, yenye mlango wa kijani. Ijumaa atahamia, na Lavinia, na Hannah.

"Unaniacha," Ambrose alisema.

"Sikuachi. Chumba chako kipo. Kina dirisha zuri." Akasita, kisha akasema: "Hakina rafu."

Lavinia alikuwa amesimama mlangoni. Baba yake alimgeukia kana kwamba anatafuta shahidi.

"Nawe pia?"

"Baba," Lavinia alisema, "ukiulizwa mbawakawa wa Borneo wako rafu gani, utajibu usingizini. Mimi ninapenda nini? Taja kimoja."

Ambrose alijitahidi, wote wawili waliona alivyojitahidi. Macho yake yalizunguka chumba, kabati hadi kabati, kana kwamba jibu huenda lilikuwa limewekwa mahali fulani na likapotezwa. Mwishowe alishusha macho. Lavinia hakumngoja zaidi. Alimchukua mama yake kwa kiwiko wakaenda kufunga mizigo.

*

Kwa siku kumi na sita Ambrose Tillotson aliishi peke yake katika nyumba aliyoijaza mwenyewe. Asubuhi alikwenda kazini. Jioni alikula mkate na jibini amesimama, kwa kuwa meza ilikuwa imeondoka na kuacha alama nne sakafuni. Jumatano watu walikuja, na wengi waliuliza mwanamke yuko wapi. Pettifer aliwajibu kwamba ameazimwa kwingine. Ambrose alilisikia jibu hilo kutoka juu ya ngazi akarudi chumbani.

Siku ya kumi na saba, Jumapili baada ya ibada, alibisha kwenye mlango wa kijani. Alikuwa na mfuko mmoja wa safari. Hannah alifungua, akamtazama kuanzia kofia hadi viatu, akaenda kumwita Bibi. Keziah alikuja akasimama kizingitini.

"Mfukoni una nini?" aliuliza.

"Nguo za kulalia. Biblia. Wembe."

"Mifuko ya koti."

Ambrose alisita. Kisha, pale barazani, huku jirani akichungulia kwa dirisha, alianza kutoa vilivyomo: kome watatu, kishikizo cha mfupa, kiberiti chenye mdudu ndani. Akapapasa tena akatoa jino la papa. Alivipanga vyote ukingoni mwa dirisha, nje, kimoja kimoja. Keziah alingoja mpaka mikono yake ikawa mitupu, ndipo akampisha.

Kulikuwa na supu, nyama ya kondoo na kabichi. Walikula wakiwa wameketi, watu wote wanne, maana Keziah alikuwa amemkaribisha Hannah mezani. Ambrose hakujua pa kuangalia. Kuta zilikuwa tupu. Baada ya muda alimuuliza Lavinia, kwa woga wa mtu anayejifunza lugha, kama anapenda kabichi. Lavinia alisema haipendi, hajawahi kuipenda. Ambrose aliitikia kwa kichwa, na siku iliyofuata, bila kuulizwa na mtu, aliirudia habari hiyo kwa karani wake mkuu ghalani.

Edmund Varley alikuja mwezi wa Mei. Alisema mama yake amesikia kwamba akina Tillotson wamehamia nyumba ya kawaida na moyo wake umelainika. Lavinia alimpa chai, akamsikiliza hadi mwisho, kisha akamwambia hana neno na mama yake. Mama alisema alichokiona. Asiyeweza kumsamehe ni yule aliyekaa siku ile akitazama kikombe. Mwezi wa Septemba Lavinia alijiunga na chuo cha ualimu. Baba yake alimsindikiza stesheni, akamuuliza maswali njia nzima, mengine ya kipuuzi, na Lavinia akayajibu yote.

*

Haikuwa rahisi kwa Ambrose kuitoa ile nyumba kwa baraza la mtaa, iwe makumbusho. Alikubali mara mbili na mara mbili akarudi nyuma. Mara moja alikwenda na kalamu hadi ofisi ya wakili, akaondoka bila kutia saini, akazunguka mtaa kwa mtaa mpaka viatu vikamkata. Alimwambia Keziah anaogopa kwamba watu wa baraza hawatajua jinsi ya kuwafukuza nondo. Keziah alimwambia awafundishe. Mwishowe alitia saini, nyumba na bustani na kila kilichomo, iwe mali ya watu wa mtaa daima, na asiwepo wa kutozwa kiingilio. Baraza lilibomoa kuta za ndani, likaongeza ukumbi wenye paa la vioo, likaajiri watumishi wenye sare. Kazi ilichukua mwaka mmoja na nusu.

Siku ya kufungua, viongozi walitoa hotuba asubuhi, na Ambrose, ambaye hakupenda kusifiwa hadharani, alikataa kupanda jukwaani. Alikuja mchana, kwa miguu, ameshikana mkono na mkewe. Foleni ilikuwa imefika hadi kanisani. Alipojaribu kupita pembeni, mtumishi mmoja mgeni alimzuia kwa kiganja.

"Mzee, mstari unaanzia kule. Na mwavuli unauacha mlangoni."

Ambrose alitaka kusema jina lake. Keziah alihisi mkono wa mumewe ukikakamaa ndani ya wake, akangoja aone atafanya nini. Ambrose aliitazama ile nyumba, madirisha yake yote yakiwa wazi, akasema asante, akageuka. Wakatembea hadi mwisho wa mstari, wakasimama nyuma ya fundi seremala aliyembeba mwanawe mabegani.

Walisogea polepole. Nyuma yao alikuja mwanamke mmoja mjamzito, amechoka, akiegemea mguu huu na kisha ule. Alimgusa Keziah begani.

"Samahani, mama. Umewahi kuingia humo?"

"Nimewahi."

"Kuna pa kukaa?"

Keziah alifikiri kidogo.

"Hapana," alisema. "Miaka ishirini na saba nimekuwa humo, sijawahi kuona pa kukaa."

Mwanamke alimshangaa, asijue kama anataniwa. Ambrose alisikia. Walipofika ndani alipita mbele ya vipepeo bila kusimama, akamtafuta msimamizi wa makumbusho, wakaongea kando kwa muda, mzee akipima kwa mikono. Juma lililofuata seremala alileta mabenchi kumi na mawili ya mwaloni, yenye migongo, moja kwa kila chumba, na gharama yote ililipwa na mtu ambaye hakutaka jina lake liandikwe.